Watoto wa Deeq

Kwinini ina tabia ya kuimba masikioni. Inspekta Komora alikuwa amemeza vidonge vyake alfajiri, na kufikia saa tano Garissa yote ilikuwa ikimlilia kichwani: jenereta za madukani, mbuzi wa sokoni, makorongo waliokaa juu ya mabati wakitazama watu kwa dharau. Homa ilikuwa imeshuka lakini haikufunga mlango ilipotoka, na mambo yalikuwa yakimwingia na kumtoka bila hodi. Mtu mwenye akili zake angelala. Komora, Mpokomo wa Garsen, kichwa kigumu tangu kuzaliwa, alikuwa ameketi katika ofisi ya Shirika la Unganisho, linalowatafutia wakimbizi jamaa zao, akikodolea macho kioo cha kompyuta.

Yote yalianza jana yake. Bishara, muuza maziwa ya ngamia, alikuwa ameingia kituoni akimshika mkono msichana wa miaka saba hivi, na akasema kwa sauti ya kusikika hadi selo: "Wameuza mtoto yangu na kombiuta!" Makonstebo walicheka mpaka wakashika mbavu. Komora hakucheka, kwa sababu alikuwa akitetemeka chini ya blanketi na kucheka kungemuumiza kichwa, basi kesi ikawa yake.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Bishara alimwokota Filsan kule Diff, mpakani, vita vilipowamwaga watu upande huu. Alikuwa kichanga, amelazwa kivulini kando ya njia, hana mtu. Bishara alimbeba, akamlea, na miaka yote hakuna aliyekuja kumdai. Sasa wiki hii mfugaji mmoja wa Takaba, jina lake Abdifatah, ametokea na barua ya Shirika kwamba kompyuta imegundua Filsan ni mtoto wa marehemu ndugu yake, Deeq. Ami akija kumchukua mtoto wa ndugu yake, nani Garissa atamzuia? Lori la kurudi Takaba lilikuwa linaondoka kesho asubuhi. Komora alikuwa na mchana huu tu.

"Tazama hapa, Inspekta," Abdihafid alisema. Huyu ndiye aliyeunda mtambo wote, kijana wa Garissa aliyesomea Nairobi na kurudi na miwani na maringo kidogo. "Humu hakuna mafaili ya kawaida. Kila kitu ni sentensi fupi. Mtu, uhusiano, mtu. Filsan, mtoto wa, Deeq. Deeq, ndugu wa, Abdifatah. Karani mmoja anaandika moja kule Dadaab, mwingine anaandika nyingine kule Takaba, hawajuani kabisa. Mashine inaziunga. Filsan anapata ami."

"Na hii sentensi ya Filsan iliandikwa na nani?"

Abdihafid alisogeza miwani. Pembeni mwa sentensi palikuwa na herufi mbili, A na H.

"Hiyo ni alama yako," Komora alisema.

"Ni alama ya aliyewasha mashine asubuhi. Ufunguo wa chumba ninao mimi, kwa hiyo kila siku nawasha mimi. Lakini wanaoandika ni wengi."

"Hapa ofisini ni wangapi?"

"Mimi na Sahro."

Sahro alikuwa kwenye meza ya pili, mwanamke mwembamba wa buibui jeusi, anachapa bila kuinua uso. Alikuwa amemwitikia Komora salamu kwa sauti ndogo sana, kisha akarudi kwenye kazi yake. Abdihafid, kwa upande wake, alikuwa anatoka jasho, na Komora akaliandika jasho hilo moyoni. Lakini hebu tuseme ukweli, Garissa nani hatoki jasho.

"Na karani akikosea?"

Hapo kijana akasahau kwamba anahojiwa. "Ah! Kwa hilo kuna kihariri changu, programu ya kuandikia niliyoitunga mwenyewe. Sentensi za namna hii ni rahisi kukosea, kwa hiyo kinamsaidia karani. Ukianza jina, kinakumalizia. Ukitumia uhusiano usiomo katika msamiati wetu, kinakataa. Na ukimwandika mtu ambaye hajaungwa na mtu yeyote, jina lake linakuwa jekundu, linakaa jekundu mpaka aungwe. Weusi maana yake kazi imekwisha."

"Bishara yuko wapi humu?"

"Hayumo."

"Si ndiye aliyemlea?"

"Kulea hakumo katika msamiati, Inspekta. Tuliweka damu na ndoa tu."

Komora aliviringisha kurasa kwenye kioo. Majina yalipanda taratibu, meusi juu ya weupe, meusi, meusi, kambi baada ya kambi. Kulikuwa na kitu pale kilichomkera, lakini alipojaribu kukishika kikateleza, kama kawaida ya mawazo ya mwenye homa. Akaomba maji.

* * *

Abdifatah alikuwa akingoja barazani, amechuchumaa, fimbo magotini. Bishara alikaa upande wa pili, amempakata Filsan ambaye alishakuwa mkubwa mno kupakatwa. Kati yao palikuwa na hatua chache na hakuna aliyemtazama mwenzake.

"Mimi si mwizi, afande," Abdifatah alisema kabla hajaulizwa. "Ndugu yangu alikwenda Kismayo akiwa kijana. Vita ikaja. Mimi nasikia Deeq amekufa, hakuacha mtoto, hakuacha kitu. Nikakaa na hiyo miaka yote. Halafu Shirika wananiambia iko mtoto! Mimi nifanye nini? Nikae?"

"Ungemuuliza aliyemlea."

"Nimeshukuru yeye. Nitashukuru mpaka nife. Lakini mtoto ni ya baba yake."

"Baba yake!" Bishara alifoka. "Huyo baba yake alikuwa wapi nikitafuta mtu wa kunyonyesha?"

"Alikuwa amekufa, walaal," Abdifatah akajibu kwa upole, akimwita ndugu. Bishara alikuwa amejiandaa kwa matusi na si kwa hilo.

Komora aliinama mbele ya msichana. "Filsan, unajua majina ya babu zako?"

Watoto wa Kisomali hufundishwa ukoo wao mapema, baba, baba wa baba, juu mpaka mtu achoke kusikiliza. Filsan alimtazama Bishara, kisha akafumba macho. "Filsan Deeq," akaanza, "Deeq Warsame, Warsame Guled, Guled Hirsi..." Akanyamaza. Akavuta pumzi ndefu, mabega yakapanda na kushuka. "Hirsi Liban, Liban Samatar, Samatar Beyle..." akaendelea mpaka mwisho bila kukwama.

Abdifatah alikuwa ameziba uso kwa ncha ya kikoi chake. Machozi yalimpita vidoleni.

"Umesikia, afande? Umesikia pale kwa Hirsi? Deeq alikuwa na ugonjwa ya kifua tangu mtoto. Kwa Hirsi bumzi inamwishia, lazima ashike ukuta kwanza. Mwalimu alimpiga kwa hiyo, tukacheka yeye. Nani atajua hiyo kama si mtoto yake?"

Kweli, nani? Yule bwana hakuwa anaigiza. Bishara naye uso ulimshuka, maana hata yeye alikuwa ameona.

"Nani alikufundisha majina hayo?" Komora aliuliza.

Filsan alitazama vidole vya miguu yake.

"Si mimi," Bishara alisema polepole. "Mimi ni wa ukoo mwingine kabisa. Hooyo, nani alikufunza?" Mama wa huku humwita mtoto wake mama, na alilitamka neno hilo kana kwamba lingeweza kunyang'anywa wakati wowote.

Filsan alificha uso kifuani kwa Bishara.

* * *

Baada ya adhuhuri mji ulizimika. Milango ilifungwa, mbuzi walijibanza ukutani, hata jenereta ya Shirika ilikohoa na kunyamaza. Komora alijilaza kwenye benchi ya ofisi, kofia usoni, akijiambia kwamba anafikiri. Kesi ilikuwa imekwisha. Ataandika kwamba ami ni ami, mtoto atapanda lori, Bishara atalia, na yeye atakwenda kunywa kwinini yake. Kazi ya polisi ina siku za namna hiyo, wala hazisemwi kwenye hotuba.

Akasinzia. Katika usingizi wake mto Tana ulikuwa umepanda ukaingia mjini bila kelele, maji ya rangi ya chai yakitambaa chini ya milango, na juu ya maji yalielea majina, moja moja, meusi. Watoto walikuwa wamekaa juu ya maji hayo wakiyavuta kwa nyuzi. Sauti ya msichana ikawa inayasoma. Deeq Warsame, Warsame Guled, Guled Hirsi. Pumzi. Hirsi Liban.

Komora alifumbua macho. Maji yalikuwa yamekwenda lakini sauti ilibaki.

Ilitoka nje, chini ya dirisha. Alitoka akiwa amevaa kiatu kimoja, cha pili mkononi. Kivulini palikuwa na msichana wa mtandio wa buluu akirusha vijiwe na kuvidaka mgongoni mwa mkono, na kwa kila kijiwe alitaja babu mmoja. Alipofika kwa Hirsi alishika vijiwe vyote kiganjani, akavuta pumzi, mabega yakapanda na kushuka, ndipo akaendelea.

"Unaitwa nani, mama?"

"Kaaha Deeq."

"Unamjua Filsan Deeq?"

Alitikisa kichwa.

"Mama yako yuko wapi?"

"Simjui."

"Na majina haya nani alikufundisha?"

"Eddo," alisema Kaaha, kisha akakumbuka kitu, akaziba mdomo kwa mkono, akakusanya vijiwe vyake na kukimbia. Eddo ni shangazi. Garissa kila mwanamke ni shangazi wa mtu.

Mtoto mmoja anaweza kurithi kifua cha baba yake. Wawili pia, si ajabu. Lakini Kaaha huyu alikuwa mzima, anakimbia mbio za swala, na Filsan alikuwa amesoma majina yote mengine kwa pumzi moja bila taabu. Hawakuwa wanaishiwa pumzi. Walikuwa wamefundishwa kupumzika pale, na mtu aliyewafundisha alidhani kwamba ndivyo ukoo huo unavyosomwa.

Abdihafid aliwasha jenereta. Komora alisimama nyuma yake, kiatu kimoja bado mkononi.

"Iulize mashine. Watoto wa Deeq Warsame ni nani na nani?"

Majibu yakaanza kupanda kwenye kioo. Yakapanda. Yakaendelea kupanda. Wa Buna, wa Diff, wa kambi hii, wa kambi ile. Wengine walipishana miezi miwili kuzaliwa.

"Subhanallah," alisema Abdihafid. "Huyu mtu alikuwa na wake wangapi?"

"Iulize."

Abdihafid aliandika: nani, mke wa, Deeq. Mashine ilifikiri kidogo. Haikuleta jina hata moja.

Sasa kile kitu kilichomkera asubuhi kilikuja chenyewe, kikakaa mbele yake. "Abdihafid, hawa ni watu waliokimbia vita. Walipotezana njiani, wengine walizikwa njiani. Nimetazama kurasa zako asubuhi nzima. Mbona hakuna jina jekundu hata moja?"

Kijana alifungua mdomo. "Mimi nilidhani tunafanya kazi nzuri," akasema, na miwani ikamshuka puani asiisogeze.

"Mtu akibaki mwekundu, inakuwaje?"

"Baada ya muda anahamishiwa kwenye orodha ya wasio na jamaa. Watoto wa orodha hiyo hupelekwa vituo vya mbali, upande mwingine wa nchi. Si mimi niliyepanga hivyo."

Komora alitega sikio kwenye meza ya pili. Vidole vilikuwa vimeacha kuchapa.

Angeweza kumkabili hapo hapo. Komora hakutaka. Kutuhumu ni rahisi, hata kuku anaweza kutuhumu, na alama ya kila sentensi ilikuwa ya Abdihafid. Alitaka kuona kwa macho yake.

"Dada Sahro," alisema kwa adabu, "nisaidie. Andika mtoto mmoja. Jina Nuh. Hana baba, hana mama, hakuna anayemjua."

Sahro aliandika. Herufi tatu zikatokea kwenye kioo, nyekundu, peke yake katika ukurasa mweupe.

"Vizuri. Sasa zima tuondoke. Mchana umekwisha."

Mkono wake ulikwenda kwenye swichi ukasimama njiani. Feni ya darini ilizunguka. Jua lilikuwa limeanza kuingia kwa ubavu, vumbi likielea ndani ya mwanga wake polepole mno, na Komora hakujua kama ni homa au ni chumba kweli kilichopunguza mwendo.

"Siwezi," Sahro alisema.

"Kwa nini?"

"Atakaa hivyo mpaka kesho?"

"Hayupo, dada yangu. Nimemtunga sasa hivi."

"Hata kama," alisema. Vidole vyake viligonga herufi mbili tu, D na E, na kihariri, kama kilivyofunzwa na mkono huo huo mara nyingi, kikamalizia chenyewe: Deeq Warsame Guled. Jina la Nuh likawa jeusi. Ndipo akafunika uso akalia.

Abdihafid alitaka kusema kitu, Komora akamwinulia kiatu anyamaze.

"Wanakuja hapa," Sahro alisema kupitia vidoleni. "Karani anawauliza, wewe ni wa nani? Mtoto hana la kujibu. Huku kwetu swali la kwanza ni hilo, hata kabla ya maji. Anatazama chini. Mimi naandika jina lake na linageuka damu mbele yangu. Kila siku. Siku moja nikampa mmoja baba. Niliona alivyosimama. Baada ya hapo sikuweza kumbagua mwingine. Wakija mjini nawafunza majina, na nawaambia wasiseme. Nani angedhurika? Deeq hakuwa na mtu wa kumdai."

"Alikuwa na ndugu Takaba."

"Aliniambia wamekufa kwa ukame. Yeye mwenyewe aliamini hivyo. Wallahi, nisingemfanyia Bishara jambo hili."

"Alikuambia," Komora alirudia. "Lini?"

Komora hakungoja jibu. Hakukuwa na haja. Mashine ilikuwa na watoto wote wa Deeq na haikuwa na mke wake, kwa sababu aliyewaandika wote alijisahau kwa makusudi.

* * *

Aliwaita ndani wote watatu, na alimwacha Sahro aseme mwenyewe. Hilo pia ni utaratibu, ingawa halimo katika kitabu cha polisi.

Alisema yote amesimama. Abdifatah alisikiliza bila kusogea. Sahro alipomaliza, Bishara alimvuta Filsan ubavuni, na msichana akauliza kwa sauti iliyosikika vizuri mno chumbani: "Basi mimi si wa Deeq?"

Bishara alimtazama Abdifatah. Mwishowe alijibu yule aliyepoteza zaidi.

"Hapana, adeer," alisema Abdifatah. Adeer ni ami, na ami wa huku humwita hivyo hivyo mtoto wa ndugu yake. Alilisema, akalisikia, akaliacha lilivyo. "Dini inakataza kupa mtoto baba asiye yake. Mimi siwezi kusema uongo hiyo. Wewe kaa na mama yako." Alimwekea mkono kichwani. "Lakini majina umesoma bizuri."

Bishara alitoa sauti moja, si kilio wala si kicheko, akaketi sakafuni pale pale na mtoto wake.

Komora alimgeukia Abdihafid. "Huo msamiati wako, ni nani anayeruhusiwa kuongeza neno?"

"Mimi."

"Unangoja nini?"

Kijana alikaa. Alifuta sentensi ya Filsan na Deeq, akaongeza neno moja kwenye msamiati. Kisha akaandika mbele yao: Bishara, mlezi wa, Filsan. Kihariri kilisita, kikakubali. Mistari yote ilikuwa myeusi. Kaaha na wenzake wangengoja kesho, na kesho yake, mmoja mmoja, na kwa kila mmoja ingebidi atafutwe mlezi wa kweli wa kuandikwa. Komora alijua kwamba wengine wangerudi kuwa wekundu, na kwamba wakubwa wa Shirika wangetaka kichwa cha mtu. Ripoti aliyokuwa akiitunga akilini ilianza kwa kasoro ya msamiati. Jina la Sahro lilikuwa mbali sana chini yake, na kalamu ya mgonjwa wa malaria huchoka mapema.

Abdifatah aliokota fimbo yake. Mlangoni akasimama, mgongo kwao.

"Walaal. Wewe unasoma hayo majina namna gani?"

Sahro alijipangusa. "Deeq Warsame," alianza. "Warsame Guled. Guled Hirsi." Akasimama. Akavuta pumzi ndefu, mkono wake mmoja ukagusa ukuta, kama alivyomwona mtu akifanya njiani, siku za mwisho, alipokuwa akifundishwa ukoo wa mume kwa ajili ya watoto ambao hawakupata muda wa kuzaliwa.

Abdifatah alikuwa amegeuka. Hakumhimiza. Alingoja naye pale kwa Hirsi mpaka pumzi iliporudi, kisha wakamaliza majina yaliyobaki pamoja, yeye kwa sauti ya chini, mwanamke kwa ya juu.

"Amelala wapi?" aliuliza.

"Diff. Nyuma ya kisima. Mawe niliyapanga mimi, yapo bado."

Mfugaji aliinamisha kichwa. Miaka yote hiyo alikuwa akimwombea ndugu yake bila kujua aelekee wapi.

"Andika jina yako, dumaashi," alisema, na hivyo ndivyo mtu wa huku anavyomwita mke wa ndugu yake.

Sahro alikaa kwenye mashine. Aliandika jina lake mwenyewe, likatokea jekundu, na kwa mara ya kwanza hakuwa na haraka ya kuligeuza jeusi.